Tope la Bwawani kwa Mama

Viatu vya mume wangu ndivyo vilivyomchongea. Alirudi Jumamosi jioni, akavivua barazani kama kawaida yake, akaingia ndani kuoga huku akijiimbia. Nikavichukua nivipige maji. Nilipovigeuza nikaona tope kwenye soli. Halikuwa tope la mikokoni Kaole, lenye harufu ya chumvi, wala udongo mwekundu wa barabarani. Lilikuwa jeusi, linanata, limeshika vipande vya majani ya matete. Tope hilo nimelikanyaga tangu sijang'oka meno ya utoto. Ni la bwawa la kwetu, upande wa Fukayosi, alikokuwa akichota maji mama yangu mpaka alipoishiwa nguvu. Nikavirudisha viatu palepale, na uchafu wake.

Wivu uliponipanda sikuutafutia jina jingine. Ulikuwa wivu, na haukuanza siku hiyo.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza kwenye usukani, na hata kiberiti cha dukani alikuwa akikifuata kwa pikipiki. Alipostaafu daktari akamkuta na sukari, akamwambia atembee. Nikafurahi, nikamwambia tutatembea wote jioni, tushuke hadi ufukweni na kurudi. Tulitembea mara chache tu, akaanza kulalamikia magoti. Kisha jirani yetu akaanzisha matembezi yake ya Jumamosi, ya kuzunguka mabwawa na madimbwi kuangalia ndege na mambo ya kale, na magoti ya mume wangu yakapona siku hiyohiyo.

Jirani huyo ni mwalimu mstaafu, mjane, Mnyamwezi wa Tabora aliyeletwa kufundisha Bagamoyo akiwa msichana, akakaa moja kwa moja. Anavaa kofia pana na darubini shingoni. Mume wangu ni Mzaramo wa Kaole, mimi ni Mkwere, na Mnyamwezi ni mtani wetu sote wawili. Mtani ana ruhusa. Anaingia jikoni kwako anafunua sufuria. Anamwita mumeo "mume wangu" mbele ya macho yako, na wewe unatakiwa ucheke. Ukinuna, umekosa adabu wewe. Aliyeweka utaratibu huu simjui, lakini hakuwa na mume anayeondoka asubuhi na mapema kwenda bwawani na mtani.

Walianza na mashamba ya chumvi, kuwaangalia heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu. Wakaja kwenye madimbwi ya mikokoni, kisha wakaanza kuingia bara. Nyumbani kwangu ikawa ni "mwalimu anasema" tangu chai mpaka chakula cha usiku. Mwalimu anasema yule ndege wa bluu anayepiga mbizi anaitwa mdiria. Mwalimu anasema fundichuma hujenga kiota kikubwa ambacho mtoto anaweza kuingia. Mimi nilikuwa napepeta mchele, nasikiliza. Fundichuma nimemjua kabla sijajua kusoma. Kiota chake kilikuwa juu ya mkuyu wa bwawani kwetu, na mama alitukataza kukinyooshea kidole. Lakini hakuna aliyeniuliza.

Ni lazima nieleze kwa nini mume wangu hakuwahi kufika kwenye bwawa hilo. Kwetu mkwe haonani ovyo na mama mkwe. Akimwona anakuja, anatoka njiani, anasimama kwenye nyasi na kutazama pembeni mpaka mama apite. Na bwawa ndiko mama alikokuwa akichota, akifua na kuoga, kwa hiyo upande wote ule ulikuwa marufuku kwake. Tukienda kusalimia, alikuwa anabaki kwa mjomba, analetewa chakula hukohuko. Mimi nilikuwa nashuka bwawani peke yangu, nakaa na mama kwenye mawe, narudi kwa mume wangu jioni na nywele zimelowa. Mara nyingi aliniuliza kukoje. Nikawa namwambia, siku moja utapaona.

Mama alifariki mwaka jana. Tulipoondoa matanga, katikati ya majonzi yangu nilijiwekea jambo moja, kwamba mimi ndiye nitakayempeleka. Nilishajua tutaanzia wapi. Ningemwonyesha mahali nilipoteleza na ndoo ya mama ikapasuka, na vigae vya mitungi ya wapagazi wa zamani vinavyotokeza kwenye ukingo maji yakipungua, na jiwe la mama la kufulia. Tungelizunguka bwawa lote, taratibu, mimi nikisema yeye akisikiliza. Nilikuwa nangoja mvua zipungue. Sikumwambia, maana nilidhani jambo la kwangu linaweza kuningoja.

Kwa hiyo usiku ule nilimpakulia wali, nikakaa mbele yake.

"Leo mlikwenda wapi?"

"Bwawani."

"Bwawa gani?"

Akatafuna kwanza, akameza. "La kwenu."

"Mlikuwa wangapi?"

"Mimi na mtani. Wenzetu wa matembezi waliogopa wingu."

Nikaweka kijiko chini. Akaharakisha kujieleza. Alikuwa amempigia simu mjomba wangu kumuuliza kama sasa anaweza kufika kule. Mjomba akamjibu kwamba mkwe hajipeleki mwenyewe mahali pa marehemu mkwewe, mara ya kwanza ni lazima mtani amtangulie na kumfungulia njia.

"Nilitaka njia iwe imefunguliwa kwanza," alisema, "halafu ndiyo nikwambie twende."

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba alikuwa sahihi. Ndiyo desturi yetu, naijua. Hata nyumba ya mama ilifagiwa na watani tulipoondoa matanga, tena waliifagia huku wakimwigiza mama alivyokuwa akifoka, na sisi tukacheka na machozi yetu. Kwa hiyo sikuwa na kosa la kumshika nalo. Nikatafuta jingine.

"Mlicheka?"

"Wapi?"

"Huko njiani. Mlicheka?"

"Mtani wetu si unamjua? Usipocheka atakuacha?"

Kicheko hicho ndicho kilichoniuma. Mwanamke mwingine alikuwa amecheka na mume wangu kwenye bwawa la mama yangu kabla yangu, na desturi ilikuwa upande wake.

Keshokutwa yake mtani akaingia kwangu bila hodi, ameshika perege kwenye mfuko.

"Mke mwenzangu! Nimemletea mume wetu samaki wa kwao."

"Si kwao. Ni kwetu."

"Kwenu tangu lini? Lile bwawa walilikuta babu zetu, wamebeba pembe mabegani. Nyinyi mlikuwa mmejificha kwenye matete mnachungulia."

"Babu zenu walikunywa maji ya watu wakaondoka. Hata mitungi yao waliivunja, wakatuachia takataka mpaka leo."

Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Nami nikacheka, kwa kuwa ndivyo inavyopasa, ila uzuri wa utani ni kwamba unaweza kupitishia humo neno la kweli na mtu asigombane nawe. Nikamwambia huku meno yakiwa nje, "Jumamosi ijayo niachie mume wangu."

"Nikukodishe?"

"Unirudishie."

Akanitazama kidogo. Kicheko chake kikapungua, akamweka perege kwenye sahani mwenyewe, kama mtu wa nyumbani.

"Mchukue, mtani. Na hata hivyo hatukumaliza kulizunguka. Mtu wako ana mambo yake."

Akaondoka, akaniacha na hilo. Mambo gani? Mume ni wangu, mambo yake anayajua mtani. Perege nilimkaanga mpaka akawa mkavu kabisa, na mume wangu akamla hivyohivyo.

Jumamosi tukapanda basi la Msata, tukashuka Fukayosi, tukaanza kutembea. Nilikuwa nimevaa khanga ya mama. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi. Lakini mume wangu alitangulia kwa mwendo wa mtu anayejua aendako, na kabla maji hayajaonekana akaanza kunitembeza.

"Angalia hapo, panateleza."

Palikuwa mahali nilipoanguka na ndoo ya mama. Panateleza, ananiambia mimi! Mbele kidogo akanishika bega, akaninong'oneza nisimame, akanionyesha mdiria ameinama juu ya tete. Akanionyesha yungiyungi zilizofunguka, na kenge anayeota jua kwenye gogo. Akaokota kigae ukingoni, akakifuta kwa kidole gumba.

"Hivi ni vya wapagazi," alisema. "Walikuwa wanapumzika hapa, kesho yake waingie Bagamoyo."

Nikampokea kigae kile kama mgeni. Kila nilichokuwa nimemtunzia kilikuwa kimeshasemwa, na mdomo wa mwanamke mwingine. Nilitamani kumsukuma majini. Nasema kweli, nilipima hata kina.

Tulifika penye mkuyu, pale njia inapogawanyika. Moja inapanda kijijini. Nyingine inashuka kwenye matete mpaka wanapochotea maji wanawake, kwenye jiwe la mama. Yeye alisita kwenye njia panda, na mimi sikumngoja. Nikashika ya kushuka kama nilivyoishika maisha yangu yote, nimekunja khanga mkononi kwa ajili ya umande. Nilitaka angalau hapo nifike mbele yake.

Nikaona nyuma yangu kumenyamaza. Nikageuka.

Alikuwa ametoka njiani. Alisimama kwenye nyasi za magotini, amegeukia pembeni, macho chini, kofia mkononi. Nikatazama mbele nikidhani kuna mtu anapanda kutoka majini. Hakukuwa na mtu.

"Una nini?"

"Sina kitu."

"Njoo basi."

"Napisha."

"Unampisha nani? Mama ametutoka."

"Najua."

"Na mtani si amekufungulia njia?"

"Hapa alishindwa. Alinivuta mpaka mkono, akanitukana matusi yao yote. Nikakataa kushuka, tukarudi." Bado alikuwa hajainua macho. "Leo nilikuwa nimejikaza. Ningeshuka. Lakini umetangulia wewe."

"Nimetangulia, ndiyo. Kwa hiyo?"

Aliigeuza kofia mkononi, kama mtu anayetafuta namna ya kusema bila kuvunja heshima.

"Uso wa mama yako sikuwahi kuutazama vizuri hata mara moja. Nilichokijua ni mwendo wake. Nikiuona kwa mbali natoka njiani. Sasa hivi uliposhuka na khanga yake, miguu yangu imetoka yenyewe."

Nilikuwa sijui. Katika maisha yangu hakuna aliyewahi kuniambia natembea kama mama. Wanaonifahamu walikuwa wamezoea kutuona tumekaa, na mama mwenyewe alikuwa akisema nimefanana na shangazi zangu. Nikaitazama miguu yangu kwenye tope jeusi. Wivu ulikuwepo bado, sikuona aibu kuutumia.

"Na yeye alipotangulia," niliuliza, "ulitoka njiani?"

"Nani?"

"Mtani."

Hapo ndipo alipoinua macho. "Yule? Yule anatembea kama mwalimu wa zamu."

Nikageuka, nikaendelea kushuka kwenda kwenye jiwe la mama, polepole kuliko kawaida yangu, ili anitazame vizuri.