Prosesa niliyoiuza asubuhi, nikaiomba mchana

Leo nimeomba nikopeshwe kitu nilichokiuza mwenyewe saa nne asubuhi.

Nilipata prosesa mpya ya kompyuta yangu ya magemu, ile ya bei rahisi mnayoicheka. Ya zamani nikamuuzia Saning'o, rafiki yangu mwenye duka la kutoa kopi hapa Karatu. Nikamwambia mbele ya wateja, "Kwa magemu imechoka, ila kwa barua zako inatosha."

Nikarudi nyumbani, nikafunga mpya. (Nimejifunza mwenyewe, na huwa najisifu mwenyewe.)

Feni zikazunguka. Skrini nyeusi.

Ndipo nikasoma maelekezo. Kumbe programu ya ubao mkuu wa kompyuta inatakiwa kusasishwa kwanza, prosesa ya zamani ikiwa bado ndani.

Na jioni hii wanne kati yenu mnakuja kwangu kucheza.

Nikarudi dukani. Saning'o, mtoto wa wafugaji wa Olbalbal, akanisikiliza hadi mwisho.

"Kaka, ng'ombe ukishamuuza, unarudi kumkamua?"

"Mara moja tu."

"Basi waambie wateja kwamba hajachoka."

Nikawaambia. Mama mmoja aliyeleta cheti cha ubatizo akanipa pole.

Ya zamani ikafanya kazi yake, mpya ikawaka, na sasa mashine inakimbia. Jioni njooni mfungwe.

Nani mwingine amewahi kurudia alichokidharau?

Mkipita dukani mtasikia toleo la Saning'o. Ni refu kuliko hili, na ndani yake mimi nalia.