Udongo wa Unyayo wa Bingwa

Iko asubuhi moja isiyonitoka, mwanangu. Ukungu wake wa ziwani bado nausikia shingoni.

Mwaka ule Nabintu alikuwa hashindiki. Tulijifunza tenisi pamoja hapa Ibanda, kwenye uwanja wa udongo mwekundu. Yeye akaenda kucheza ya kulipwa, na kila shindano la wanawake aliloingia msimu ule alilinyakua. Aliporudi kusalimia, klabu ikatupanga tucheze. Nikimshinda, nami ningesafirishwa kwenda kucheza nje.

Sokoni Nyawera walinong'ona, "Yule iko na dawa. Mutu hawezi shinda hivi bure." Nilikuwa binti wa haya, sijui kubishana. Nikaamini.

Kwetu husemwa kwamba ukichota udongo wa unyayo wa mtu ukauzika, mguu wake hufa. Asubuhi ya mechi nikajificha kando ya uwanja. Ndani ya ukungu nilisikia mpira ukigonga ukuta: pa, pa, pa. Ukanyamaza. Sikuona mtu akitoka. Nikaingia, nikazunguka ukunguni, nikaona nyayo zenye alama za nyota ndogo, soli ya raba za Nabintu. Nikachota, nikafunga kitambaani, nikazika chini ya mgomba.

Mechi ilipoanza, mguu wangu wa kuume ulipoa. Nikaanguka. Nikainuka, nikaanguka tena. Nabintu akaruka wavu, akanivua kiatu, akiniita yaya, dada mkubwa, kama kawaida yetu.

"Yaya! Muguu yako iko baridi kama ya maiti!"

Akausugua mbele ya watu wote. Kiatu kililala kifudifudi, nikaona soli yake: nyota ndogo. Raba nilizovaa zilikuwa zake za zamani, alizonipa mwenyewe; sikuwahi kuzitazama soli. Nilikuwa nimezika unyayo wangu.

Mechi ikaishia hapo. Nyumbani nikamwambia koko, bibi yangu. Hakucheka. "Mutoto, mchimba kisima huingia mwenyewe. Fukua, kisha umuambie."

Nilifukua, nikaenda kwa Nabintu, nikamweleza yote, hata ule mpira wa alfajiri.

"Mimi?" akashangaa. "Asubuhi ile nililala, yaya. Maman alinimwangia maji ndio nikaamuka."

Tukatazamana. Mpaka leo sijui nani alikuwa akicheza. Na ukungu ukishuka, mguu huu hupoa.

Mwanangu, anayekushinda usimtafutie dawa, mwombe akufundishe. Maneno ya sokoni usiyabebe moyoni kwa sababu tu unaona haya kuuliza. Na ukikosa, kakiri kwa uliyemkosea, hata sauti ikitetemeka. Mungu aipe miguu yako joto, na siku utakapoanguka, akupe wa kukusugua.