Maombi Injini Zikiwaka

Nilikuwa rubani wa ndege ndogo ya injini mbili pale Likasi, miaka ile vitu vilipokuwa vinaporomoka kimoja baada ya kingine, na kazi yangu kubwa haikuwa kurusha ndege bali kubembeleza. Nilibembeleza betri, nilibembeleza petroli ya mapipani, nilibembeleza buji, yaani zile plagi za cheche, ambazo tulizisugua na kuzirudisha kwa sababu mpya hazikuja tena.

Asubuhi ninayoisema, abiria alikuwa dada yangu mwenyewe. Uchungu ulimshika tangu jana yake na mtoto alikuwa amekwama. Daktari wa upasuaji alikuwa amepanda treni ya Kasai pamoja na wenzake wa asili ya huko waliofukuzwa mjini kwetu, na hakuna aliyekuja mahali pake. Barabara ya Lubumbashi, kwa mvua ile, ingemuua njiani. Kwa ndege ni nusu saa. Tuling'oa viti vya nyuma tukamlaza juu ya godoro, na mama mkwe wake akakaa nyuma yangu, kando ya mgonjwa.

Betri yetu ilikuwa imechoka, kwa hiyo tuliwasha kwa betri ya lori. Lori likishaondoka huzimi tena, maana hutawasha. Nikaanza ukaguzi. Shinikizo la oili, sawa. Usukani huku na huku, sawa. Petroli ya kwenda, ipo. Ya kurudi, tutajua huko huko. Ilibaki kupandisha injini moja moja na kupima magneto, vile vinu vya umeme vinavyolisha buji. Kila injini ina mbili. Unazima moja, mizunguko inashuka kidogo, unairudisha, unazima ya pili. Ikishuka sana, huruki, na hilo halina mjadala.

Hapo nikahisi mkono wa mama mkwe kichwani.

"Papa pilote, ngoja. Hatuyaomba."

Alimaanisha hatujaomba bado. Walokole wa kwetu walikuwa na desturi hiyo: huomba injini zikiwa zinaunguruma, wamemwekea rubani mikono, ili maombi yaingie na kwenye mashine. Kabla ya kuwasha hawataki. Mashine iliyolala, wanasema, haisikii. Siku nyingine ningesema "Amina" kwa sauti kubwa mwenyewe, wakaishia hapo. Lakini mama mkwe wa dada yangu ni mkwe wangu pia, na kwetu mkwe humkatizi maneno, sembuse maombi.

Basi akaomba. Akaanzia kwa Adamu. Akafunga wachawi wa upande wa baba, akarudi kufunga wa upande wa mama, akafika Misri na watu wote bado hawajavuka bahari. Injini inayozunguka polepole, petroli nyingi hewa kidogo, inajaza buji masizi. Hata fundi wa wiki moja analijua hilo. Nyuma yangu dada alikuwa anauma pindo la kitenge. Nilichemka kwa hasira.

Dakika kumi na mbili. Nilizipima kwa saa, mwanzo na mwisho.

Nikapandisha injini ya kulia. Magneto ya kwanza, sawa. Ya pili, ndege nzima ikatetemeka na mshale wa mizunguko ukaanguka.

"Ile motere inatetemeka juu ya nini?"

"Juu ya kungojea, Mama. Buji zimejaa masizi."

"Ile ni shetani. Tuombe tena."

"Hapana! Mama, nyamaza sasa!"

Nilimfokea mkwe wangu, mtu mzima mimi. Akauondoa mkono. Nikapunguza petroli, nikapandisha mizunguko, nikangoja masizi yaungue. Nikapima: bado. Nikarudia: bado. Mara ya tatu mshale ulishuka kidogo ukasimama, na injini ya kushoto, kwa bahati, haikuniletea maneno. Tukaruka.

Lubumbashi walimpasua mara moja. Dada yangu alipona. Mtoto, msichana, alitolewa ametulia, hana uhai. Daktari aliniambia kwamba walipompokea dada, moyo wa mtoto ulikuwa bado unasikika. Hakusema kama dakika chache zingemsaidia, nami sikuthubutu kuuliza.

Mama mkwe alilitangazia kanisa zima kwamba mimi ndiye niliyekata maombi. Kwenye kilio hakunipa mkono. Niliona ni uonevu mtupu, na kwa wiki nyingi nilimweleza kila aliyenisikiliza habari za masizi na buji, mpaka watu wakawa wananikwepa.

Dada hakunikwepa. Siku moja tumekaa jikoni kwake akaniuliza, bila ukali:

"Weye ulijua. Juu ya nini ulimuacha aombe murefu vile?"

Nikamjibu kwamba ni heshima ya ukwe. Akatikisa kichwa, akaendelea kuchambua sombe yake, majani ya muhogo ya chakula cha jioni.

Heshima ilikuwa nusu tu. Ile injini ya kulia nilikuwa naiogopa tangu wiki iliyotangulia, na dakika tano za mwanzo nilifumba macho nikaomba pamoja na yule mama, hata nikaomba asimalize upesi. Hilo dada yangu hajaambiwa.