Uso wa Hakimu

Wateja walimwita Hakimu, na jina likamganda. Ukiingia saluni kwake husemi unataka nini. Unakaa kitini, yeye anasimama nyuma yako, anakutazama kwenye kioo, kisha anatoa hukumu: "Wewe, fupi." Au: "Hizi rasta ndefu nani kakudanganya? Tunafumua." Ukibisha, mlango ule pale. Na watu hawakubisha, maana ukitoka mikononi mwake unapendeza mpaka mumeo anauliza unakwenda wapi.

Sasa mama huyu alikuwa na binti mmoja tu, mtulivu, wa kusifiwa na kila jirani. Tangu azaliwe hajawahi kumjibu mama yake vibaya. Akafaulu vizuri mno, vyuo vikuu viwili vikamwita, vyote kusomea uhandisi wa majengo. Na si vyuo vya mchezo! Ukitaja kimoja watu wanageuza shingo, ukitaja cha pili wanageuza vile vile. Tofauti ni kwamba kimoja kiko hapa hapa mjini, na kingine kiko mbali, safari ya kulala njiani. Jibu lilitakiwa kabla ya Ijumaa jioni.

Baba mtu, fundi wa mafriji, alijitoa mapema. "Mimi simo," alisema. "Nikitaja hiki nimekosea, nikitaja kile nimekosea. Amueni, mtaniambia."

Hakimu akaona kazi ndogo hiyo. Jumatano alikuwa anamsuka mwalimu mmoja wa sekondari, na mwalimu akasema wahandisi wote wa maana anaowajua wametoka chuo cha hapa mjini.

"Basi ni hapa," Hakimu akahukumu.

Binti alikuwa anafagia nywele sakafuni. Akainua kichwa, macho yanang'aa. "Hata mimi mama! Tena maabara zao nimezisikia, ni nzuri sana!"

Imekwisha hiyo. Ila Alhamisi alikuja nesi, mteja wa siku nyingi, akakaa chini ya draya na kueleza kwamba mdogo wake alisoma kile chuo cha mbali. Kule, alisema, wanafunzi wanapelekwa kwenye ujenzi wenyewe tangu mwaka wa kwanza, wanachafuka saruji, wanajua kazi.

"Ehee! Hapo sasa," Hakimu akasema. "Basi ni kule."

"Hata mimi mama!" binti akadakia, macho yanang'aa. "Tena maabara zao nimezisikia, ni nzuri sana!"

Kitana kikabaki hewani. Sauti ile ile, macho yale yale, hata maabara zile zile, jamani!

"We mtoto, jana ulisemaje?"

"Jana ulisema cha hapa, mama."

"Sikuulizi mimi nilisema nini! Wewe unataka kipi?"

Binti alimtazama mama yake kwenye kioo, akamkagua nyusi, akamkagua mdomo, polepole, kama mtu anayetafuta bei kwenye kitambaa. Ndipo Hakimu akaelewa anachofanya.

"Uhandisi je? Unautaka?"

"Huo nautaka," binti akasema haraka, kisha akamtazama tena kuhakikisha.

"Chai bila sukari?"

"Ulipoacha sukari nilikuwa bado mdogo. Mimi nikatia, ukakunja uso."

"Nilikukataza?"

"Hapana. Ulikunja uso tu."

"Kwa hiyo miaka yote hii unakunywa chai usiyoipenda?"

"Nimeshazoea, mama."

Nesi akacheka chini ya draya. Kisha akaona hali ilivyo, akaangalia kucha zake.

Hakimu alikaa kwenye kiti cha wateja. Angepigwa kofi lisingemuuma hivyo. Yule mtoto mpole aliyekuwa akimjivunia kwa majirani, kumbe alikuwa mlinzi, kakesha anaulinda uso wa mama yake! Na kesho atakuja mume akunje uso, atakuja bosi akunje uso, na huyu atafuata tu. Aliogopa, tena sana, yeye ambaye watu walidhani haogopi kitu.

Ijumaa akaapa hatasema neno. Haikusaidia kitu. Akihema, binti anauliza, "Ni cha hapa?" Akikohoa, "Ni cha kule?" Akamgeuzia mgongo, binti akamsoma kwenye kioo, na saluni nzima ni vioo! Mwishowe Hakimu alitupa taulo, akamkabidhi simu, akatoka nje na kumfungia mlango. Akakaa kizingitini, mgongo kwa saluni.

Mteja akapita. "Hakimu, wamekufukuza kwako?"

"Nimejifukuza mwenyewe. Njoo kesho."

Alikaa pale mpaka jua likahamia upande wa pili wa barabara. Mara mbili aliinuka, mara mbili akajirudisha chini. Alijiambia kwamba kwake ni sawa tu, chochote atakachochagua, na wallahi aliamini hivyo. Kisha mlango ukagongwa kwa ndani, akafungua.

"Nimeshajibu, mama."

"Kipi?"

"Cha mbali."

Hapo ndipo uso ulipomsaliti. Hakuuamuru, hakuuomba, ukaanguka wenyewe. Midomo ikamtetemeka, macho yakajaa, na kila kilichofichika hata kwake mwenyewe kikatoka hadharani. Kumbe alimtaka hapa! Kumbe alimtaka hapa hapa, anafagia nywele, anarudi nyumbani kila jioni. Akainua mikono ajizibe, lakini alikuwa amechelewa. Binti alikuwa anamtazama, na kwa kusoma uso ule hakuna aliyemshinda.

Binti akainamisha macho. Simu ilikuwa bado mkononi, na muda wa kubadilisha ulikuwepo.

"Nimeuona, mama," binti akasema, machozi yanamtoka. "Nimeuona wote. Ni kile kile, cha mbali."