Tuliandika kwamba sand dam ya Kasikeu inavuja, na paper ilikuwa imeshakubaliwa

Wakuu, salamu kutoka Kitui.

Hii ninayowaletea sikusimuliwa na mtu. Ilinipata mimi mwenyewe, na nitaisema yote hata pale inaponiaibisha.

Mimi ni mwalimu wa mambo ya maji kwenye chuo kimoja cha ufundi hapa Kitui. Wale mko na shughuli za research mtanielewa haraka. Wale hamjawahi kuandika paper msiogope, nitaenda polepole.

Kwa karibu miaka miwili nimekuwa nikifuatilia sand dam moja upande wa Kasikeu, Makueni. Sand dam ni ukuta wa zege unaojengwa kukata mto wa msimu. Mvua ikinyesha, mchanga unajaa nyuma ya ukuta na maji yanakaa ndani ya huo mchanga. Ukiangalia juu unaona mto mkavu, lakini watu wanachota chini.

Tulisimamisha bomba la plastiki ndani ya mchanga ili tujue maji yako chini kiasi gani. Lakini mimi siwezi kuwa Kasikeu kila siku. Aliyekuwa anapima ni Mama Nduku, mkulima ambaye shamba lake linapakana na mto. Kila asubuhi kabla ya kuingia kwa ndengu zake anateremka na tape, anaishusha kwa bomba, anaandika kwa exercise book.

Kila asubuhi, wakuu. Hata Krismasi.

Mimi kazi yangu ilikuwa kupiga picha za hizo kurasa na kuingiza namba kwa kompyuta. Kisha nikaandika paper pamoja na bosi wangu, Dr. Mutinda. Kwa kifupi tulisema hivi: mwaka wa kwanza dam ilishika maji vizuri, mwaka wa pili maji yakashuka sana, kwa hivyo kuna uwezekano mkubwa ukuta unavuja.

Conference moja, kongamano la wataalamu wa maji, ikaikubali. Reviewers, wale wasomi wanaokagua paper, wakasifu data. Dr. akawatumia abstract yetu, ule muhtasari wa mwanzo, watu wa mradi uliojenga hiyo dam, na wao walikuwa wanapanga kujenga ya pili mto huo huo. Wakajibu kwamba wanaweka hiyo mipango kando kwanza.

Hapo mimi nilijiona nimesaidia.

Sasa ikabaki kutayarisha paper kwa ajili ya proceedings, kile kitabu cha paper zote za conference. Nilidhani ni kazi ya nusu siku. Wee!

Walitaka kurasa sita, column mbili, na zetu zilikuwa tisa. Ukisogeza picha moja, heading inaruka kwa ukurasa mwingine na table inajificha mahali hujui. Nilitoa page numbers kama walivyotaka, zikarudi zenyewe. Nikaweka PDF kwa ile system yao ya kukagua, ikakataa: fonts hazijaingia ndani ya file. Nikarekebisha, ikakataa tena: margin.

Siku mbili nzima nilikuwa napigana na Word kama mtu amekosana na jirani.

Dr. alikuwa ananisaidia kupunguza maneno. Akakata paragraph iliyoeleza vile vipimo vilichukuliwa. Akaniambia, "Musyoka, hapa tuandike tu vilichukuliwa kila siku. Na huyo mama tumweke kwa acknowledgements, mstari mmoja wa shukrani unatosha."

Sikubisha. Nilikuwa nataka kurasa sita.

Ikabaki graph. Masharti yalisema kila picha isomeke hata ikichapishwa black and white. Yetu ilikuwa na mistari minne ya rangi, wastani wa kila mwezi. Nikaiprint kwa ofisi ya chuo, yote ikatoka kijivu, hujui mvua ni gani na maji ni gani.

Nikaamua nichore upya. Badala ya wastani nikaweka kipimo cha kila siku kama doti ndogo nyeusi.

Mvua ikinyesha doti zilipanda, ikiisha zikateremka pole pole vizuri. Kisha siku moja, katikati ya mwaka wa pili, zikaanguka kwa mara moja. Karibu sentimita thelathini kati ya asubuhi moja na ingine. Baada ya hapo zikaendelea kuteremka pole pole kama kawaida.

Nilikaa nikaitazama hiyo picha chai ikapoa.

Maji ndani ya mchanga hayafanyi hivyo. Ukuta ukivuja unavuja kila siku, hauvuji asubuhi moja halafu unanyamaza.

Nikampigia Mama Nduku. Akasema yuko shambani, lakini kitabu kiko nyumbani, nije tu.

Kutoka Kitui unazunguka Machakos ndio ushike Mombasa Road, kwa hivyo nilifika Kasikeu saa sita. Nilimkuta akipepeta ndengu. Akanipa kiti na uji kabla hajaniuliza chochote. Kisha akaleta kitabu, nikamwonyesha ile tarehe.

Hakufikiria hata. "Hiyo ni wiki ng'ombe ilivunja bomba, Mwalimu. Fundi akaunganisha kipande ingine juu. Ikawa ndefu kuliko ya kwanza."

"Mbona hukuniambia, Mama Nduku?"

Akaniangalia. Hakukasirika, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

"Nilikwambia. Ulikuja kupiga picha za kitabu, tukasimama hapo kwa mlango, nikakwambia bomba imeongezwa. Ukasema sawa. Na niliandika."

Akafungua ukurasa. Kando, nje ya mstari mwekundu, kwa kalamu hiyo hiyo: *bomba mpya, ni ndefu.*

Nilikuwa nimepiga picha ya huo ukurasa nikiwa nimeikata pembeni ili namba zitokee kubwa.

Kwa wale hawajashika: yeye hupima kutoka mdomo wa bomba hadi kwa maji. Bomba likirefuka juu, tape inateremka zaidi, na mimi kwa kompyuta naona ni maji yameshuka. Maji hayakuwa yameenda mahali.

Tukateremka mtoni pamoja. Kiungo kinaonekana wazi, kipande cha juu kina rangi tofauti. Nikapima kutoka kwa kiungo hadi mdomo, nikatoa urefu wa kile kilichovunjika, ambacho Mama Nduku alikuwa amekihifadhi jikoni akichochea nacho maji ya ng'ombe. Tofauti ikalingana na ule mwanguko kwa graph.

Dam ilikuwa nzima kabisa.

Nilimpigia Dr. nikiwa hapo hapo kwa mchanga. Nikamweleza yote.

"Unajua deadline ni Ijumaa?"

"Najua, Daktari."

"Na unajua reviewers walipenda hiyo hadithi ya kuvuja."

"Najua. Lakini si kweli. Na kosa ni langu, si lake."

Akapumua. "Basi andikia wenye conference leo. Waeleze kila kitu, usipambe. Wakiitoa, waitoe." Kisha akaongeza, "Na huyo mama, weka jina lake juu, pamoja na yetu. Angekuwa mwanafunzi wangu ningekuwa nimeshamweka."

Nilipomweleza Mama Nduku, aliuliza kazi ya jina ni gani. Nikamwambia mtu akitaka kujua ukweli wa hizi namba, atajua wa kuuliza.

Fomu ya conference ilitaka email ya kila mwandishi. Nilidhani hapo tumekwama. Akatoa simu. "Si hii kitu haifunguki bila Gmail? Mtoto wangu alinifungulia."

Kwa taasisi tukaandika: Mkulima, Kasikeu.

Kwa fomu ya copyright, ile ya hakimiliki, alinisimamisha. "Nikisign hii, kitabu changu kinakuwa chao?"

Nikamwambia hapana, ni hizi kurasa sita pekee. Ndio akasign.

Wenye conference niliwaandikia jioni hiyo, wakajibu kesho yake. Walituma correction yetu kwa reviewer mmoja, akasema matokeo mapya ni madogo lakini yanaaminika. Tulibadilisha title, abstract na conclusion. Ile paragraph ya vipimo nikairudisha, nikakata sifa zangu za utangulizi. Alhamisi jioni system ikakubali PDF.

Kisha nikaenda mwenyewe kwa watu wa mradi kuwaambia tulikosea. Mkubwa wao aliniuliza kama nina uhakika mara hii. Nikampa namba ya simu ya Mama Nduku. Wiki tatu baadaye mawe ya dam ya pili yakaanza kumwagwa kando ya mto.

Nilichojifunza, wakuu: namba ina mwenyewe. Mtu akikwambia kitu kwa mlango ukiwa na haraka, simama uandike. Mimi nilisema "sawa" moja tu, na ikakaribia kunyima watu maji.

Kama ushawahi kupata kosa lako baada ya kazi kukubaliwa, ulifanya nini? Ulisema ama ulinyamaza? Andika hapa chini, hata ukitumia jina la bandia. Mimi nishajianika, hakuna wa kukucheka.