Magige anavyojifunza kusema 'naumia' kabla ya kurudi Kibo

Saa kumi na mbili asubuhi ukungu wa Julai bado umekaa juu ya migomba ya Nyamwaga, wilayani Tarime, na mwanaume mmoja anapanda kilima akiwa na gunia la mahindi kichwani. Ni kilo ishirini kamili. Amezipima mwenyewe kwenye mizani ya dukani, maana huo ndio mzigo atakaobeba mlimani. Anachechemea mguu wa kushoto, na akina mama wanaokwenda kuchota maji wanampisha.

"Magige, hayo mahindi unayatembeza? Jana umeyapandisha, leo tena!"

"Yanataka hewa," anajibu bila kusimama.

Magige Waitara, mwenye miaka 41 na watoto wanne, ni mgumu. Ndivyo wanavyoitwa wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, na jina hilo wanalipenda. Baada ya siku tisa ataondoka kwenda Moshi, na kutoka huko atapanda na wageni wanaotaka kulala ndani ya kreta ya Kibo, karibu kabisa na kilele, katika kipindi cha baridi kali ambapo maji huganda ndani ya chupa. Wageni watalala huko kwa kupenda kwao. Wagumu watalala huko kwa sababu mahema hayapandi yenyewe.

Nyumbani anatua gunia, anakaa kwenye stuli na kuvua kiatu. Mguu wa kushoto una vidole viwili tu.

"Vingine vitatu vilibaki hospitali, Moshi," anasema. "Vilikuwa vyeusi kama mkaa. Daktari aliniuliza kama nataka kuviona, nikasema vya nini?"

Ilikuwa miaka miwili iliyopita, kreta hiyo hiyo. Alikuwa na Steven, jirani yake wa hapa hapa Nyamwaga. Hawakuwa marafiki tu. Walikuwa rika moja, waliotahiriwa asubuhi moja mwaka 1998, mmoja akisimama baada ya mwenzake, na ukoo mzima ukiwatazama nyuso.

Kwa Wakurya, siku hiyo uso haukunjwi na jicho halipepeswi. "Mtu aliyekunja uso mwaka ule, mpaka leo tunajua jina lake," anasema Magige. "Ana wajukuu sasa, lakini bado tunajua."

Kule kreta, kiongozi wa msafara, Athanas, aliwakusanya wagumu saa kumi jioni na kuwauliza nani havisikii vidole vyake. Wawili wa mkoa mwingine wakasema. Wakateremshwa saa ile ile, na leo wana vidole vyote kumi. Magige na Steven walikuwa hawavisikii vyao tangu mchana. Wakanyamaza.

"Niliwauliza mara mbili, mpaka wakati wa chakula," anasema Athanas kwa simu kutoka Moshi, na sauti yake bado ina hasira. "Lakini jamani, hawa ndugu zangu wa Tarime ukimuuliza mmoja kama anaumia, anaona umemtukana!"

Asubuhi Steven hakuamka.

Ndiyo maana kila siku jua likielekea kuzama, nyumbani kwa Magige hufanyika jambo ambalo kijiji kizima kimeshalisikia na kulicheka. Mkewe, Teresia, anajaza beseni maji ya chemchemi. Magige anatumbukiza miguu mpaka ipoe kabisa. Kisha Teresia anachukua sindano ya kushonea na kumchoma kidole kimoja kimoja.

"Sema."

"Nimesikia."

"Sikuulizi kama umesikia. Unaumia?"

Magige anatazama paa. Watoto jikoni wameziba midomo.

"Naumia," anasema, kwa sauti ya mtu anayeungama.

"Nguvu!"

"Naumia, Teresia! Naumia!"

Watoto wanaangua kicheko, naye Teresia anahamia kidole kinachofuata. Yeye hacheki.

"Wiki ya kwanza nilimchoma kidole kimoja mara kumi na moja," anasimulia. "Damu inatoka, ananiangalia tu kama ng'ombe. Nikalia mimi. Yeye wapi!"

Si kila mtu ameliona jambo hili la maana. Jumapili iliyopita aliingia mzee Kornelio, baba yake mdogo Magige, ambaye ndiye aliyesimama nyuma yake siku ya kisu. Alikuta sindano mkononi mwa Teresia. Magige aliinuka na miguu yake majimaji.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Mura, mwaka ule nilisimama nyuma yako hukutikisika. Leo unapigia kelele sindano? Mbele ya mwanamke?"

"Baba, kisu ni cha mara moja. Unakaza, kinapita. Baridi haipiti. Wewe unakaza, yenyewe inaendelea kula."

Mzee alichukua fimbo yake akaondoka bila kugusa chai. Hadi tunakwenda mitamboni alikuwa hajarudi.

Mwandishi wa makala haya aliuliza swali ambalo nawe msomaji unalo: kwa nini arudi kabisa? Kwa mguu huu hawezi tena kulima kwa jembe la ng'ombe wala kushuka mashimo ya dhahabu, na siku tisa za mlima, kwa shilingi elfu ishirini kila siku, humpa zaidi kuliko migomba yake inavyompa kwa miezi. Lakini hilo analitaja haraka haraka. Kuna jingine.

"Safari hii wanakwenda vijana wanne wa hapa kijijini. Nisipokwenda watakwenda tu. Wataulizwa, watanyamaza kama sisi. Nikiwepo, nikasema mimi mkubwa wao kwamba naumia, na wao watasema."

Teresia anamwaga maji ya beseni kwenye migomba. "Hapa kwenye stuli anasema," anasema taratibu. "Kule, mbele ya vijana wa kwao, atasema? Mimi siamini. Namuombea, lakini siamini."

Alhamisi ya safari, mzigo wake uko tayari: mabuti ya mtumba kutoka Sirari, makubwa kuliko mguu ili soksi tatu za sufu zienee, kitambaa cha kujaza nafasi ya vidole visivyokuwepo, na kopo la samli ya kupaka. Bodaboda inamsubiri. Lakini badala ya kushika njia ya Tarime mjini, anamwambia dereva akate kona kwenda kwa Lilian, mjane wa Steven.

Lilian yuko uani anapukuchua mahindi. Kwa miaka miwili Magige amemwambia kwamba Steven alipitiwa na usingizi tu, hakujua chochote.

"Shemeji, nilikudanganya," anaanza, akiwa bado amesimama. "Usiku ule tulikuwa macho wote wawili. Akaniuliza, 'Mura, unasikia baridi?' Nikasema hapana. Nikamuuliza yeye. Akasema hapana. Mimi nilijua kabisa anasubiri nianze."

"Na wewe unasubiri aanze yeye."

"Ndiyo."

Lilian anaendelea kupukuchua. Gunzi linabaki tupu lakini vidole vyake havijaacha. Dereva wa bodaboda anainamia simu yake, na mwandishi naye, kwa kweli, hajui aweke wapi macho.

"Kwa hiyo angelala na mtu mwingine kwenye lile hema," anasema Lilian hatimaye, "mtu yeyote tu asiye wa rika lake, angekuwa hai."

Magige anaweza kusema ni mipango ya Mungu. Msibani walisema hivyo wote, na hapa hakuna ambaye angemlaumu.

"Ndiyo, shemeji. Angekuwa hai."

Lilian anajifuta uso kwa pembe ya kanga. Hamkaribishi kukaa.

"Nikirudi nitaanzia hapa," anasema Magige. "Kabla sijafika kwangu, nitakuja nikwambie kama nilisema au sikusema."

Anageuka kuifuata pikipiki. Amekwisha kupanda ndipo Lilian anapomwita.

"Magige! Uje kwa miguu yako. Usiletwe."