Glovu za Kipaza

Miaka mitatu ya kwanza gerezani, mdogo wangu hakuzungumza na mtu. Nikienda kumtembelea, namaliza habari zote za nyumbani, umbea wa majirani nikiuongezea chumvi, yeye anatazama kucha zake. Askari magereza aliyesimamia michezo akaona maji yanazidi unga, akamweka golini. Alisema kipa hawezi kuwa bubu, lazima awaelekeze mabeki wake.

Mwanzoni walifungwa mabao ya aibu. Mabeki wakamsema, wakamsimanga, mpaka siku moja akafoka, "Nyuma yako!" Tangu hapo hakufunga mdomo, na wenzake wakambandika jina la Kipaza. Hata mimi akaanza kuniuliza kama mgongo bado unanisumbua. Siku hiyo nililia njia nzima.

Alipoachiwa alitoka na glovu zake za golini tu, nikampa chumba cha uani. Kule ndani alikuwa na mabeki. Huku alikuwa na mimi tu, nami nashinda kwenye cherehani. Ukimya ukamrudia. Alikuwa akisimama mbele ya mlango uliorudishiwa tu, akingoja mtu aje kumfungulia. Niliuogopa upweke ule kuliko gereza lenyewe. Majirani niliwaambia miaka ile yote alikuwa safarini, na kwa aibu nguo zake nilizianika nyuma ya nyumba.

Nikamwendea muuza nyama, beki wa timu ya mtaa.

"Kipa wenu hata mimi namfunga," nikamwambia. "Mjaribuni mdogo wangu."

Akacheka. "Mlete Jumapili, dada."

Jumapili Kipaza alifoka mpaka sauti ikamkauka. Hawakufungwa hata bao moja. Nilifurahi, nikasahau mgongo. Filimbi ya mwisho ikalia, watu wakakumbatiana. Yeye akatoka golini, akaenda mstari wa kati, akachuchumaa, mikono kichwani, akingoja kuhesabiwa.

Vicheko vikaanza, vikakatika. Muuza nyama akamsogelea.

"Inuka, kipa. Hapa hatuhesabiwi."

Wengine walikuwa wameshaokota viatu vyao. Hakuna aliyetuaga.

Tulipofika nyumbani akavua glovu, akaniuliza.

"Dada, wataniita tena?"

"Sijui," nikamjibu, maana kweli sikujua.

Mficha uchi hazai. Nikazifua zile glovu, nikatoka nazo mlango wa mbele, nikazianika kwenye kamba ya barazani, kila mpita njia azione. Kipaza akaleta kigoda, akakaa kando yake mpaka zikakauka.